Koplo Aliyeona Barabara Mbili

Shangazi mpendwa, nakuomba unisaidie kabla sijamrushia mtu ngumi nje ya ulingo. Mimi ni askari, cheo changu koplo, naendesha lori la kubebea wanajeshi, na pia ni bondia wa kulipwa, na hizi kazi mbili zinanivuta kila moja upande wake mpaka nahisi nitachanika katikati, maana nikishinda pambano kamanda wangu ananisimamisha mbele ya gwaride anasema huyu ndiye binti yetu, na picha yangu kaitundika ofisini kwake, lakini nikiomba ruhusa ya kwenda mazoezini ananitazama kama nimemwomba figo. "Koplo, tulikuajiri uendeshe lori au ukagombane na wanawake wenzako?" Kocha wangu naye ni mjomba wangu, kaka yake mama, nikichelewa kwa sababu nilikuwa zamu getini ananuna siku nzima, tena anakubali mapambano bila kuniuliza halafu ananiambia, "Wewe kaongee na wakubwa zako." Nikaongee nini, Shangazi? Mume wangu hana neno, anapika, anaogesha watoto, ananikanda mabega, na huo upole wake ndio unaonitia aibu zaidi.

Pambano lililopita nilishinda kwa pointi ila yule dada alinipata kwa ngumi ya sikio, na raundi za mwisho sizikumbuki hata leo, nimeziona kwenye simu ya mjomba tu, basi nikapaka poda usoni nikaenda kazini, na tukiwa tunateremka mlima na askari nyuma nikaona barabara mbili badala ya moja, nikashika ya kushoto, kumbe siyo, tairi likapanda ukingo, wenzangu wakadhani nawatania wakacheka, nami nikacheka, hayo yameisha. Tatizo ni kwamba sasa nimepata pambano la mkanda, na limeangukia wiki ileile ya mazoezi ya porini ambayo kamanda kasema hakuna wa kukosa. Mjomba anasema nijifanye mgonjwa, anamjua mtu wa kuniandikia cheti. Nimeshapita miaka thelathini, nafasi kama hii hairudi, lakini nikibambwa nafukuzwa jeshini. Nichague lipi?

Koplo wa Ngumi

*

Binti yangu Koplo,

Nimeisoma barua yako, nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji. Umenilalamikia kamanda, umenilalamikia mjomba, halafu hapo katikati, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, unaniambia uliona barabara mbili. "Hayo yameisha." Yameisha wapi? Waliokuwa wanacheka huko nyuma ni watoto wa watu. Walicheka kwa kuwa hawakujua dereva wao anabahatisha njia.

Sikuweza kungoja gazeti litoke. Nilipiga namba ya simu uliyoandika kwenye bahasha, akapokea mumeo. Nikaomba kuongea nawe, akasema, "Amelala, mama. Siku hizi akirudi kazini anaomba tufunge mapazia, anasema mwanga unamuumiza kichwa." Jua lilikuwa bado linawaka. Nikamuuliza wewe umemwambia ni kwa nini. "Anasema ni uchovu." Sikumwambia kitu, siri ni yako. Lakini nilipokata simu nilikasirika, nikakaa kukuandikia haya, nayatuma kwako leo hii kabla hayajachapwa.

Pole, nasema kwa moyo. Najua ilivyo kuwa binti wa kikosi siku ya ushindi na mzigo siku inayofuata. Kamanda anapenda picha yako kuliko jasho lako, na mjomba anapanga maisha yako kama ya kwake. Lakini hakuna kati yao aliyekutuma ukae kwenye usukani na kichwa kinachogonga. Hilo ulilifanya mwenyewe.

Umeniuliza uchague lipi. Wiki hiyo hupigani, na lori huendeshi. Kesho asubuhi kamrudishie mkubwa wako wa magari funguo, nenda hospitali ya kikosi, useme yote: ngumi ya sikio, raundi ulizozisahau, barabara mbili, mapazia. Usipunguze hata neno. Unaogopa kamanda atajua? Na ajue. Bora ajue kutoka kwako kuliko kutoka bondeni.

Cheti cha uongo mwambie mjomba akiweke anakojua yeye. Kuanzia sasa hakubali pambano kabla hujamwonyesha ratiba yako ya zamu, na kama hilo ni gumu kwake, abaki mjomba, utafute kocha mwingine. Kamanda usimvizie mlangoni. Omba kikao rasmi, umuulize kama jeshi lina nafasi ya kukuweka kwenye timu ya michezo. Akikataa, utakuwa umejua, na utaamua ukiwa na akili timamu. Daktari akisema umepona, omba tarehe nyingine ya mkanda. Akisema ngumi basi, ni basi. Utalia, mumeo atakushika, mtaendelea kuishi.

Ukitoka hospitali nipigie. Usiponipigia kesho, nitampigia kamanda wako mimi mwenyewe, na sitakuomba radhi.