Nilivyoiharibu Laini ya Fardosa

Alhamisi. Joto la Garissa leo halina adabu, hata feni inapuliza moto. Lakini kinachoniunguza si joto.

Ni wivu. Nimelikwepa hilo neno wiki nzima, acha niliandike.

Kazi yangu ni kuangalia simu za kampuni yetu ya kuuza pampu za visima. Simu zote, kuanzia ofisi hapa Galbet hadi matawi ya Eldas na Hulugho, zinapita kwenye intaneti, na intaneti yenyewe ni kidogo. Kwa hiyo nimepanga foleni: sauti za watu zipite kwanza, barua pepe na picha za kamera zingoje. Nikikosea, mteja anasikia nusu ya neno. Miaka minne nahangaika na foleni hiyo, na sikumbuki mtu aliyeniambia asante.

Halafu akaja Fardosa, Msomali aliyekuwa stoo yetu, kupokea simu. Ana miezi minane tu kwenye kazi hiyo. Wateja wetu wengi ni shule na zahanati, wanaopiga ni watu wa kutoka bara kama mimi, wasiojua Kisomali, lakini wote wanamtaka yeye. Anawatania, anawaulizia watoto, anacheka, pampu inanunuliwa.

Ijumaa iliyopita bosi alituita akatuwekea simu moja ya Fardosa iliyorekodiwa. Sikieni sauti ilivyo safi, akasema, kisha akatuambia anafikiria kumfanya msimamizi wa kitengo cha simu. Cheo hicho nilikuwa nimeshajivika kichwani.

Na sauti hiyo nani aliisafisha? Nilipiga makofi na wenzangu huku roho inaniuma.

Jumatatu asubuhi niliitoa simu ya Fardosa kwenye foleni ya sauti, nikaitupa nyuma kabisa.

Ilinichukua dakika moja.

Tangu hapo nilikuwa namsikia kutoka mezani kwangu: haloo, haloo, unanisikia? Mwalimu mkuu mmoja wa Hulugho alimkatia simu mara tatu. Mimi nikanywa chai yangu, na nakiri ilikuwa tamu.

Nilijua atakuja kulalamika, na nilikuwa tayari kuusingizia mtandao. Leo mchana amekuja, daftari mkononi. Hakulalamika.

"Injinia, walaal, ndugu yangu, simu yako haina shida," akasema. "Shida ni mdomo yangu. Mimi nasema bambu, watu hawaelewi. Nimeanza kujifunza."

Akanisomea polepole maneno yenye P, herufi ambayo Kisomali hakina, midomo ameibana: pampu, paipu, pesa, pipa. Ukurasa mzima. Akaniuliza kama ametamka sawa. Kisha akaniambia amemwomba bosi amrudishe stoo, na atajibiwa kesho saa mbili asubuhi.

Nilishindwa kumtazama usoni. Nikamwambia yuko sawa, nikajifanya natafuta waya chini ya meza.

Alipotoka niliirudisha laini yake mbele. Simu ya kwanza kutoka Eldas ikaingia safi kabisa. Nikasikiliza. Aliongea neno moja moja, kama mtoto anayesomeshwa, na hakumtania mteja hata kidogo. Alipomaliza akachungulia mlangoni kwangu akiwa na furaha.

"Umeona? Sasa wananisikia!"

Bosi amenitaka nijaze fomu ya hitilafu ya wiki hii. Kwenye chanzo nikaandika mnara wa Hulugho. Nikafuta. Nikaandika umeme. Nikafuta tena. Sasa imeandikwa: mimi, kwa makusudi.

Hata nilipokuwa naandika hivyo, bado nilimwonea wivu. Nilidhani kukiri kutauondoa. Haujaondoka.

Nimeituma. Huenda kesho jioni nikawa sina kazi, na hilo naliogopa, ila si kama ninavyoogopa kukutana na Fardosa. Ana ukurasa wa pili sasa, nimemwona akiuandika. Nitamwambiaje kwamba hakuna hata siku moja ambayo watu walishindwa kumwelewa?