Nusu Iliyonishinda Kumeza

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana mama yangu mgonjwa hajapokea Komunyo Jumapili tatu sasa, na wanasema sababu ni mimi.

Mimi ni Mkatoliki, nauza dawa katika duka la dawa, na kwa miaka kumi na moja nimefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza bila kukosa kipindi hata kimoja, jambo ninaloweza kulithibitisha kwa sababu huandika shajara kila siku na kuweka tarehe. Mwaka huu paroko alipotafuta mhudumu wa kusaidia kugawa Ekaristi kanisani na kuwapelekea wagonjwa nilijua ni mimi, hata kitambaa cheupe nilishakipiga pasi, lakini tarehe 12 Januari akamtaja mdogo wangu, msusi, mwenye kucheka hovyo, anayeingia kanisani wimbo wa mwanzo umekwisha, na watu wakapiga makofi, nami nikapiga, ila mikono ilikuwa ya baridi. Tangu siku hiyo nikimwona mbele akisema "Mwili wa Kristo", kwa mikono yake ya ususi inayonukia mafuta ya nywele, nahama mstari wake naenda wa paroko hata ukiwa mrefu, kisha nikifika nyumbani naandika makosa yake, na mpaka leo yamejaza kurasa kumi na nne.

Tarehe 9 Machi nilibaki nyumbani kumuuguza mama, na baada ya Misa mdogo wangu akaja kumkomunisha, na kwa kuwa koo la mama limesinyaa na hamezi kitu kikubwa, aliivunja hostia, ule mkate mwembamba wa Ekaristi, akampa mama kipande kidogo na kijiko cha maji, kisha akanigeukia na kipande kilichobaki, na mimi, Mshauri, sikuona kitu ila masalio, yaani yeye awe wa kugawa na mimi niwe wa kumalizia. Nikasema siwezi, nimetoka kunywa chai sasa hivi, saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haijatimia.

Mama akafumbua macho. "Chai ipi, mwanangu? Jiko halijawashwa tangu asubuhi."

Mdogo wangu hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alikila mwenyewe kile kipande, machozi yanamtoka. Mama akasema, "Basi usiniletee tena. Siwezi kula nusu, nusu yake imekataliwa. Siku mtakapokula wote wawili, nami nitakula."

Tangu hapo mdogo wangu huja, mama hufumba mdomo, naye huirudisha hostia kanisani, na mama anazidi kupungua, sasa hata sauti inakatika. Juzi mdogo wangu alinifuata dukani akaniuliza, "Dada, nikiacha huduma hii, utapokea?" Nikamwambia afanye anavyoona. Je, nimpelekee paroko zile kurasa ili amchague anayestahili, nami nimlishe mama mwenyewe?

Mwenye Shajara

*

Dada wa duka la dawa,

Pole kwa kuuguza. Na pole kwa makofi yale; miaka kumi na moja ni mingi, paroko angekuita pembeni akakushukuru kabla ya kumtaja mwingine. Kuumia kwako si kosa. Pole zangu zimeishia hapo.

Kwenye kaunta yako, nusu kidonge ni nusu dawa. Sasa umeichukua hesabu hiyo ukaenda kumpimia Bwana. Wewe uliyewakaririsha watoto kwamba Kristo yumo mzima hata katika chembe, siku ulipopewa chembe yenyewe ukaiita masalio. Wanafunzi wako wangekusahihisha. Mdogo wako aliivunja hostia kwa sababu ileile inayokufanya ukate vidonge: koo la mgonjwa. Hakukupunguzia kitu. Alikupa kula hostia moja na mama yako, na wewe ukamwona yeye tu.

Unataka achaguliwe "anayestahili". Kila Misa, kabla ya kupokea, kanisa zima husema sistahili, paroko akiwa wa kwanza. Wewe ulikuwa umesimama mstari gani? Na hiyo mikono ya mafuta ya nywele, yako ingenukia dawa ya kikohozi. Ekaristi ingesubiri mikono isiyo na harufu ya kazi, sote tungeshinda njaa.

Mama yako si baraza la kuamua nani bora kati yenu. Ni mgonjwa anayejinyima chakula anachokihitaji kuliko dawa zako zote, ili wanawe wakae meza moja. Na siku zake unazihesabu wewe mwenyewe, kwa tarehe.

Kwa hiyo leo, ukifunga duka, nenda saluni kwa mdogo wako. Usijitetee, wala usianze na "lakini na wewe". Mwambie maneno mawili: sikunywa chai. Atayaelewa. Mwombe asiache huduma. Jumamosi nenda ukaungame, na kurasa kumi na nne uziache nyumbani, maana padre atasikiliza dhambi zako, si zake. Ukirudi, uzichane.

Jumapili usiguse chai. Mpokee mdogo wako mlangoni, uketi kando ya mama, wewe ndiye ushike kijiko cha maji. Akiisha kuvunja na kusema "Mwili wa Kristo", hutaulizwa kipande ni kikubwa kiasi gani wala mkono ni wa nani. Jibu ni moja na unalifundisha: Amina. Liseme kwa sauti, mama asikie.