Mlango Niliopaka Nikaufunga

Chege, usicheke. Asubuhi hii wamenivunjia mlango wa nyumba mpya, na mimi niko ndani.

Jana niliupaka rangi ya mafuta, na fremu yake. Mvua ikaleta baridi, nikaufunga nikalala. Kuamka, umegandana kabisa.

Nikaita watu. Bochaberi, huyu jirani, akachungulia kwa vyuma vya dirisha. “Mzee, si ulisema umechoka kuzunguka, hapa hutoki tena?”

Hapa hutoki tena. Mbele ya wachuma chai wote waliokuja kusaidia. Wakacheka, ndipo wakapiga mateke.

Mlango ni Mwihaki, binti yangu, alininunulia. Leo anakuja kuona nyumba.

Nimwambie nini? Nimepaka milango ya watu Nakuru mpaka Kisumu, nikiondoka kabla rangi haijakauka. Huu ndio wa kwanza kulala nao.