Ruhusa Niliyokunyima Mlangoni

Mpendwa mume wangu Festo,

Kamwene, salamu yetu ya nyumbani. Wanaosikiliza wasishtuke. Wewe ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, na mume nilikuita tangu ulipoanza kutambaa, kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake wa kiume. Hukuwa mume wa maana. Kuni zangu ulizipasua nusu nusu, ukakimbilia vitabu.

Barua hii nimeiandika mimi mwenyewe. Shule ya utotoni sikuipata. Herufi nimezijua uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima hapa Igowole. Mwalimu alitaka kuninyooshea maneno, nikamwambia akae mbali na karatasi yangu. Kazi yake ni moja tu, aisome kwa sauti mbele ya darasa zima, kwa sababu nilichokufanyia nilikifanya mbele ya watu.

Nianze na likizo ile uliyokuja na madaftari yako ya Wajapani. Ulikuwa umeshakuwa mwalimu wa chuo kikuu, una viatu vya kung'aa, na bado ulikuwa unakula ukiwa umesimama. Nikakuuliza, "Wajapani ndugu zako? Historia ya kwetu imekwisha?"

Ukasema, "Bibi, nimekaa kwao miaka miwili nikisoma. Nimekula samaki mbichi."

Nikakufukuza jikoni kwangu ukanawe mdomo. Ulicheka mpaka ukashika mlango.

Ndipo ukaniambia shida yako. Wanafunzi wako walikuwa wanalala. Ukiwasomea mambo ya Wajapani wa zamani, wanaandika, halafu wanalala na kalamu mkononi. Ukasema, "Nataka waitembee hiyo historia, bibi. Mtu hawezi kulala huku anatembea." Kabla sijakuelewa umeshachota majivu yangu umechora barabara uani, kutoka zizini mpaka mlangoni, na debe langu la maharage umelibeba, na majirani umewaita.

Sikusahau hata kidogo ulivyotufundisha. Zizini ni jimboni, kwa mabwana wakubwa. Mlangoni ni mji mkuu, kwa mtawala mkuu wa Wajapani. Kila bwana lazima mwaka mmoja akae mji mkuu, mwaka unaofuata arudi kwake, na msafara wake wote nyuma. Kila hatua ya barabara ulimpunguzia maharage, ndiyo mali yake, ili afike amechoka na hana nguvu ya kuleta fujo. Na akirudi kwake, mke na watoto wanabaki mji mkuu mikononi mwa mtawala. Akileta ujeuri, anajua atakachopoteza.

Mimi ukanikalisha kwenye kigoda changu, ukasema ndimi mtawala mkuu. Nikakuuliza nifanye nini. Ukasema, "Kaa tu, bibi. Ukali unao tayari."

Mama Neema, jirani yetu, alikuwa bwana wa jimbo. Alipotaka kuondoka akanipigia magoti, "Mtawala, mwanangu ana kikohozi, niruhusu niende naye." Nikamwambia, "Abaki. Kikohozi kitakohoa hapa hapa." Watu waliangua kicheko mpaka kuku wakatawanyika. Wewe ulikuwa unaandika kwenye daftari mbio mbio. Nilijisikia mtu mkubwa siku ile, nisikufiche.

Halafu ukaweka walinzi wa geti katikati ya barabara. Ukawaambia wapekue vitu viwili tu, bunduki inayoingia mjini na mwanamke anayetoka. Mimi kwenye kigoda nikaacha kucheka. Uliona. Wewe ulikuwa mtu wa kuona.

Baadaye tukiwa tunamenya viazi ukaniuliza, nami nikakuambia jambo ambalo hata mama yako mzazi sikumwambia. Kwamba wakati wa vita vya Wajerumani, mama yangu alifungiwa bomani Iringa, mimi nikiwa mgongoni kwake, mpaka baba alete bunduki yake. Baba alikaa porini siku nyingi. Mwisho akaileta. Tukaachiwa. Lakini baba hakukaa tena kwenye pombe ya ulanzi na wanaume wenzake, na mama hakumtazama usoni mpaka anakufa. Sijui kama alimchukia kwa kuileta au kwa kuchelewa kuileta. Nilikuambia wewe, Festo. Nililiweka mikononi mwako.

Tangu likizo ile ukawa na mtindo wako. Unajua hapa nyumbani msafiri haondoki mpaka nimpulizie maji kichwani kwa mdomo, ndiyo baraka yetu. Basi ukawa ukitaka kuondoka unasimama mlangoni, unainama, unasema, "Mtawala mkuu, naomba ruhusa." Nami nasema, "Nimekupa," nakupulizia maji, unafuta miwani, unaenda zako.

Sasa nifike kwenye kidonda.

Alikuja yule mwanafunzi wako, Tusajigwe, binti wa Ilomba kule Mbeya, akienda kwao likizo. Ulimtuma aniletee kitenge. Binti ana adabu, alinisalimu amepiga magoti hasa. Nikampa ugali na mboga za maboga. Akala, akanitazama kwa furaha, akasema, "Bibi, mimi ndiye niliyekuwa mama yako."

Nikauliza, "Umekuwaje mama yangu?"

Akasema ni darasani. Kwamba baada ya Wajapani, mwalimu aliwachorea boma kwa chaki sakafuni, akamweka yeye ndani na mtoto wa nguo mgongoni, na kijana mwingine akawa mume mwenye bunduki.

Nikaliacha tonge. Mtoto wa nguo! Yaani mimi. Sikumuuliza zaidi, wala yeye hakuendelea, maana uso wangu aliuona. Kichwani mwangu nilisikia kitu kimoja tu, darasa zima la watoto wa chuo wakicheka kama tulivyocheka sisi kikohozi cha Neema.

Ulipokuja wiki mbili baadaye, ukipita kwenda Mbeya kuwafundisha walimu wa sekondari huo huo mchezo wako, nilikuwa nimeshaiva kwa hasira. Sikukuuliza. Hilo ndilo kosa langu, Festo, na nalisema wazi: sikukuuliza. Mimi ni mtu wa kusema, kila mtu hapa Igowole ananijua, nimewahi kumfokea mwinjilisti kanisani. Lakini siku ile nilifunga mdomo siku nzima kwa kiburi, nikitaka ujue mwenyewe ulichokosa. Ungejuaje?

Kesho yake asubuhi ukasimama mlangoni na begi lako. Mama Neema na wenzake wawili walikuwa uani wanapukuchua mahindi. Ukainama. "Mtawala mkuu, naomba ruhusa."

Nikasema, "Sikupi."

Ukacheka. Ukainama zaidi. "Mtawala, jimbo langu liko mbali, mvua inakuja."

"Nimesema sikupi."

Wale wanawake wakacheka. Mama Neema akakuambia, "Leo umeshikwa, bwana mkubwa, bakia hapa umenye viazi!" Ukatoa kipande cha chaki mfukoni, ukachora mstari kizingitini, ukasema, "Haya mtawala, rehani yangu ni hii, nikirudi tutaumalizia mchezo wetu." Ukauruka mstari, chaki ukaidondosha, ukaenda. Kwenye kona ya miti ya chai ukageuka ukapunga mkono.

Wote mlidhani nacheza. Mimi sikuwa nacheza. Kikombe cha maji kilikuwa karibu na mguu wangu, nimekijaza mwenyewe alfajiri, maana hata kwa hasira mkono ulijua kazi yake. Sikukiinua. Na mkono wako sikuujibu.

Basi lenu lilipinduka mbele kidogo ya Chimala, kwenye mvua. Watu wanasema ni utelezi. Mchungaji anasema ni utelezi. Mimi sijasema ni nini. Nasema tu kwamba uliondoka umekauka kichwa, na aliyekuacha hivyo ni mimi.

Tusajigwe alikuja kukuzika, yeye na wenzake kumi na kitu, wengine wametoka huko mbali hata viatu vimewaisha. Baada ya mazishi alinifuata nyuma ya nyumba. Alikuwa na hofu na mimi. Akasema, "Bibi, siku ile sikumaliza kukusimulia."

Akamaliza. Kwamba yule kijana mwenye bunduki alikataa kuitoa, akakataa tena. Kwamba yeye Tusajigwe, ndani ya chaki, alianza kulia kwelikweli, hajui kwa nini, akamwambia yule kijana, "Usiilete," halafu akamwambia, "Ilete." Kwamba kengele ililia na hakuna aliyeinuka. Akasema, "Wala hakuna aliyecheka, bibi, hata mmoja." Na kwamba wewe ulivua kiatu, ukaufuta ule mstari kwa mguu wako, ukamshika mkono ukamtoa, ukasema, "Mama, nenda nyumbani." Akasema ulikuwa unalia na wewe, na hukuwaficha. Ukawaambia, "Hawa ni watu wangu. Nimewakabidhi muwatunze."

Mama yangu hakuwahi kushikwa mkono na mtu akatolewa pale. Aliachiwa kama mbuzi. Umemtoa wewe, mjinga mwenye miwani, kwa chaki, mbele ya watoto wa watu, nami nikakunyima maji.

Nina hasira na wewe hata sasa. Ungenieleza! Mtu mwenye maneno ya Wajapani kichwani, unashindwa kukaa dakika mbili na bibi yako ukamwambia, nimemtumia mama yako darasani, naomba radhi, ilikuwa hivi na hivi? Ulidhani nitaona fahari tu. Ulinijua vibaya. Na mimi nilikujua vibaya. Tumelingana.

Mstari wako wa chaki haukufutika haraka. Mvua haifiki pale. Nilimkataza kila mtu kufagia kizingiti, nikawa nauvuka kwa kuinua mguu, mzee mzima. Mama Neema alidhani akili imeniruka. Herufi yangu ya kwanza ya kisomo niliiandika hapo juu ya mlango, F, kwa kipande kile ulichokidondosha. Imepinda. Mwalimu alisema ni nzuri, muongo.

Jana niliamua imetosha. Mtawala gani huyu anayeshikilia rehani ya mtu aliyekwisha kufika? Nilimwita Mama Neema na wale wenzake wawili, wakasimama uani palepale walipokuwa. Nikavua ndala. Nikaufuta mstari kwa mguu wangu, kama ulivyofanya wewe. Nikajaza maji mdomoni, nikapuliza kuelekea kona ya miti ya chai, mara moja, na mara ya pili kwa ajili ya Chimala. Hakuna aliyecheka, Festo. Hata mmoja.

Halafu nikapunga mkono. Nilichelewa, najua. Nimepunga hata hivyo.

Nimekupa ruhusa. Nimeisema uani, nimeiandika hapa, na mwalimu ameisoma kwa sauti. Usijifanye hukusikia. Nenda, mume wangu, na ukimkuta mama yangu huko, msalimie, mwambie mtoto wake wa mgongoni naye ameshajua kuandika.

Ni mimi, bibi yako, mkeo wa kwanza.