Nilivyoukimbiza mtaa wa Mulongwe

Jumanne, jioni. Mvua ilianza alfajiri na sasa imekatika, lakini mbingu bado imenuna, na mimi nimenuna kuliko mbingu. Mto umejaa tope. Watu wa kule chini wameshaanza kupandisha magodoro juu ya meza, kama kila mwaka. Leo shuleni nimefundisha kugawanya huku nimewapa watoto mgongo, ili wasinione macho.

Nina aibu. Acha niiandike hapa kabla haijanikaba.

Jana asubuhi niliukimbiza mtaa mzima.

Kama unafungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Uvira, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Naishi Mulongwe na mdogo wangu Mapendo. Mama yetu alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Ulianza na kidole gumba cha mguu, ukachukua mguu hadi chini ya goti, kisha ukamchukua mama mwenyewe, na tulimzika kwao Makobola, kando ya barabara ya Fizi. Mwaka jana daktari alitazama damu yangu, akavua miwani, akasema: "Mwalimu, weye uko kwenye njia ile ile ya mama yako. Lakini bado uko mwanzoni, unaweza kurudi." Akaniambia nile majani na maharagi, niutembeze mwili kila siku. Aliyasema hayo kirahisi, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Mimi sijui kufanya jambo nusu. Nikaacha nyama, nikaacha samaki, chai ya sukari nikaiaga. Mtu wa kando ya ziwa, kuacha samaki! Mapendo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo anapika sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria mbili, moja ina visamaki vya ndagala, nyingine haina, na kila anaponipakulia anauliza kama mbuzi ameshiba. Majirani nao hawakukosa la kusema. Wengine walisema nimeingia kanisa la watu wa kufunga. Wengine walisema mshahara haujatoka, mwalimu anaona haya kusema. Nilipoanza kupungua, wale wenye huruma wakaacha kuniuliza chochote, wakawa wananitazama tu kwa upole, na huo upole uliniudhi kuliko maneno.

Ukweli ni kwamba wiki za kwanza nililia kwa harufu ya ndagala wa kukaanga. Nililia kweli, machozi. Lakini lenga-lenga, mchicha wetu wa karanga, nimeizoea, maharagi nayapenda, na parachichi likiiva vizuri sitamani kitu kingine. Na nilianza kukimbia.

Lengo langu mnalijua, nimeliandika hapa mpaka nimewachosha: kukimbia kutoka darajani Mulongwe mpaka Makobola bila kusimama, nifike kaburini kwa mama. Sitaki medali. Nataka nisimame pale kwa miguu yangu miwili nimwambie, mama, ona, bado iko. Mpaka juzi sikuwa nimewahi kupita Kalundu. Nikifika bandarini tu, kichomi kinanishika ubavuni, nainama, nashika magoti, narudi nyumbani kwa pikipiki kama mgonjwa.

Sasa jana.

Mtu asiye wa hapa lazima aelewe kitu kimoja. Huku kwetu kukimbia kuna adabu yake. Jumapili asubuhi vijana wanafanya footing, kundi zima, filimbi mbele, wanaimba mpaka wanaamsha wafu. Watoto wanawafuata, wamama wanapiga vigelegele. Hao hakuna anayewaogopa, maana wanaimba. Mimi nakimbia peke yangu, lakini nilikuwa na njia yangu: natoka mapema, wakati barabara iko tupu, nimevaa fulana ya rangi ya chungwa ambayo hata kipofu angeijua, na wale wachache wanaoniona wamezoea. "Pole na sport, mwalimu!" Basi.

Jana nililala nikapitiwa. Nikaona nisipokimbia sasa, siku imepotea, na siku moja ikipotea mimi naona mguu unaondoka. Nikasema nitakimbia hivyo hivyo, nifike mbali kidogo, nigeuze, niende moja kwa moja shuleni. Nikafunga kitenge juu ya suruali. Nguo za kazi na madaftari ya watoto nikavifunga kwenye mfuko, nikaubeba mgongoni. Tena badala ya kupita kando ya ziwa kama kawaida, nikakata kwa juu, upande wa milima, nikateremka mbio kuingia sokoni watu wakiwa wamejaa.

Umeona nilichofanya? Mwanamke, kitenge, mzigo mgongoni, anateremka mbio kutoka milimani, haongei. Sisi sote tumeshawahi kuwa mwanamke huyo. Sisi sote tumeshamwona akiteremka, na tunajua nini huwa kinamfuata: watu wenye bunduki.

Na mbingu nayo ikachagua dakika ile ile kunguruma.

Mama mmoja mwuza nyanya aliniuliza, "Iko nini kule?" Sikuwa na pumzi ya kujibu. Nikampungia mkono, maana yake hakuna kitu, salama. Yeye aliona mkono wa mtu anayesema ondokeni. Akamnyakua mtoto wake. Wa pembeni akamwona, akaacha vitu vyake chini. Halafu sauti moja, sijui ya nani, ikapiga kelele: "Wamefika!"

Nani wamefika? Hakuna aliyeuliza. Huku hatuulizi.

Na mimi, Mungu wangu, mimi ambaye nilikuwa ndiyo habari yenyewe, nilisikia "wamefika" nyuma yangu nikaamini. Nilijua nimetoka wapi. Nilijua kule juu nimeacha mbuzi wawili na mzee anapiga mswaki. Nikaamini hata hivyo. Damu ilishuka miguuni, nikakimbia na wale wanaonikimbia.

Kwenye kona kuna Mama Furaha, anakaanga mikate. Ni jirani yetu, mjane, mtu mzima. Alikuwa ndiye mtu pekee mtaani ambaye hakuwahi kuniuliza kwa nini nakonda. Nilimkuta chini. Watu walikuwa wamempiga kikumbo, karai limepinduka, mafuta ya moto yamemwagika mguuni kwake, na alikuwa ananyoosha mkono. Alinitazama usoni.

Nilimwona.

Nilipita.

Sitaandika kwamba sikuelewa, au kwamba watu walinisukuma. Nafasi ya kusimama ilikuwepo. Miguu haikutaka, na mimi sikuilazimisha.

Nilifika Kalundu. Nikapita bandari. Kichomi hakikuja. Nikaendelea mpaka Kigongo, na kama siyo kijana mmoja wa pikipiki aliyesimama katikati ya barabara na kuuliza kwa nguvu, "Lakini munakimbia nani? Nani amewaona?" nafikiri ningefika Makobola. Watu wakatazamana. Huyu akasema amemwona yule, yule akasema amemwona huyu, wakarudi nyuma hivyo hivyo mtu kwa mtu, mpaka yule mama wa nyanya, mtoto begani, akaninyooshea kidole. "Huyu mwalimu njo alianza."

Wengine walicheka, kicheko kile cha mtu aliyeponea. Baba mmoja alitaka kunipiga kofi, wakamshika. Mimi nilikuwa natafuta pa kuutua mzigo. Simu ikalia mfukoni, nikaitoa. Ile programu ya kukimbia ilikuwa inanipongeza. Nyota zinarukaruka. Sijawahi kukimbia mbali hivi, sijawahi kukimbia haraka hivi, hongera.

Nikaifuta pale pale.

Jioni chefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, alikuja nyumbani. Alikataa kukaa. Ni mtu mpole, watoto wake wawili wako darasani kwangu. Alisema: "Mwalimu, minye nakuheshimu. Lakini hapa kwangu, muntu hatakimbia tena peke yake. Muntu mumoja akikimbia, iko vita. Weye unajua. Ukitaka sport, ungoje Jumapili, ukimbie na vijana, muimbe."

Nikamwambia daktari amesema kila siku. Nikamwambia habari za mama, habari za mguu. Nilisikia sauti yangu inapanda kama ya mtoto anayenyimwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kuna wanawake wawili wenye mimba kwenye avenue yake, na mmoja tangu asubuhi anashika tumbo. Nikamsindikiza mlangoni.

Alipoondoka nilimgombeza Mapendo bure, kwa sababu ya kijiko. Nikaingia chumbani nikajipapasa vidole vya miguu, kimoja kimoja, kama ninavyofanya kila nikiogopa. Cha mwisho upande wa kushoto nilihisi kama kina ganzi. Labda ni viatu. Labda ni woga. Labda ndiyo kimeanza, na mimi nimekatazwa dawa yangu na mtu ambaye ana haki.

Leo baada ya shule nilikwenda kwa Mama Furaha. Nilichukua lenga-lenga na dawa ya kupaka niliyopewa kituo cha afya. Nilizunguka nyumba yake kwanza, nikijifanya natafuta njia kavu. Uongo. Nilikuwa nangoja moyo utulie.

Amelala mkekani, mguu umefungwa kitambaa kuanzia kwenye kifundo hadi karibu na goti. Nilipouona nikakosa pa kutazama. Mwaka mzima nahangaika na mguu wangu, na sasa mguu uliolala pale chini umefungwa ni wa mtu mwingine, kwa sababu yangu. Binti yake Furaha hakunisalimia vizuri, na hakuwa na kosa. Lakini nyumba ni nyumba, mgeni ni mgeni. Alininawisha mikono, akaniletea bugali na ndagala.

Mapendo angekuwepo angesema hapana kwa niaba yangu, angeeleza mambo ya daktari. Mimi sikuweza. Huwezi kumchoma mtu mguu halafu ukakataa sahani yake. Nikala. Niliwala na vichwa. Walikuwa watamu kiasi kwamba nilijichukia, maana sikustahili kitu kitamu siku ya leo.

Tonge likiwa mdomoni, Mama Furaha akasema, "Jana nilikuona ukipita."



Nilingoja lile neno. Nilikuwa nimejiandaa tangu jana, nilikuwa nalitaka hata. Angenitukana ningepumua. Badala yake akajigeuza kidogo, akauweka mguu vizuri, akasema:

"Nikasema moyoni, asante Mungu, mwalimu iko na miguu. Yeye atafika."

Hakuwa ananisema kwa mafumbo. Simjui mtu asiye na mafumbo kama yule mama. Alikuwa chini, mafuta yanamla ngozi, anaamini wamefika, anaamini amekwisha, na alipata nafasi ya kunifurahia. Nililia mbele ya binti yake, kamasi na machozi, mikono imejaa bugali. "Kula, mwanangu," akasema. "Kula, itapoa."

Nilipoinuka nilimwomba Furaha aniruhusu niwe nawachotea maji mpaka mama atakapoweza kusimama. Bomba liko mbali, na ni kupanda. Akanionyesha madumu yalipo. Basi kesho asubuhi, saa zangu za kukimbia, nitapanda na madumu, polepole, kila mtu anione vizuri. Mwili utatembea. Daktari akiniuliza nitamwambia hivyo. Jumapili nitakwenda kwa wale vijana na kuimba, hata kama sauti yangu ni ya chura. Makobola itabaki pale ilipo, na mama hana pa kwenda. Sukari sijui kama itanisubiri. Hilo linanitisha bado, sitadanganya.

Lakini leo kuna kingine kinachonitisha zaidi, na nimekaa nacho hapa tangu nirudi, chakula cha jioni kikipoa kwenye sufuria zake mbili. Hapa kwetu ile sauti itasikika tena. Siku moja itakuwa ya kweli, na Mama Furaha atakuwa kwenye kona yake na mguu usioweza kukimbia tena kama zamani. Nitasimama?

Nimeandika "ndiyo". Nikaifuta. Nimeiandika tena, na bado naitazama.