Ubao Umefutwa, Hansa Hakurudi

Wewe mwalimu, umesoma miaka yote ile uje ufute ubao? Kufuta hata mimi najua, na darasa la nne sikulimaliza.

Leo Jumatano. Mvua imeanza alfajiri haijakata, Jang'ombe matope mpaka mlangoni, na roho yangu imechafuka kuliko njia.

Mjukuu wangu Raya anasoma chuo kule Mbweni, anakaa kwangu. Darasani mwao mna msichana wa Kihindi, Hansa. Wazee wake wana duka la vitambaa Mlandege. Kanga zangu za harusi zilitoka kwa babu yake. Wiki iliyopita wanafunzi waliingia darasani wakakuta ubaoni pameandikwa: "Wakuja wende kwao. Hansa kwanza." Mwalimu akaja, akasoma, akafuta. "Haya, utani basi. Tulikuwa ukurasa gani?"

Utani! Mtani nnamjua mimi. Mtani wangu hunitukana hata msibani, nami nkamrudishia, kisha tukala sinia moja. Huu ni utani gani, mmoja anacheka, mwengine anakusanya madaftari yake anatoka?

Hansa hajarudi tangu siku ile.

Raya hakunambia kitu. Nilisikia kwa mama yake Hansa, juzi nilipokwenda dukani. Hakulia. Alinikunjulia kitambaa kama kawaida yake, akasema, "Bi Mwanajuma, mimi nimezaliwa hapa, mama yangu kazaliwa hapa. Nimwambie mtoto ende kwao wapi?"



Jana nkavaa buibui langu nkaenda chuoni. Mwalimu mwenyewe kijana, mpole, kaniamkia vizuri. Nkamuuliza kwa nini hakutafuta nani kaandika.

"Bi Mkubwa, jambo ukilikuza linaenea. Na fomu ya malalamiko ipo. Hansa angeijaza."

"Alopigwa ndo ajaze fomu? Na wewe ulosimama pale na kifutio mkononi, ulijaza nini?"

Akainama. Kisha akasema polepole, "Hati niliijua. Ya Raya. Nilitaka kumsitiri, na wewe nikusitiri."

Nilikwenda kumshitaki mtoto wa mwenzangu, kumbe wangu.

Nyumbani nkamkalisha Raya. Hansa kakufanya nini? Akasema darasa lilimchagua Hansa kuwa kiongozi wao, na yeye aliutaka uongozi ule. Na neno lile, kalitoa wapi? Akanitazama, wala hakuwa na kiburi.

"Si lako, Bibi? Mpangaji wa uani mkuja. Muuza maji mkuja. Kila siku nalisikia."



Kweli, nimelisema miaka yote, nikicheka, kibarazani, mbele ya watoto. Nilidhani lina watu wake tu, wale waliokuja mjini jana na juzi, halitomfika mtoto wa duka ninalokaribishwa kwa chai. Neno halikuniuliza. Limekwenda lilikotaka.

Leo asubuhi mama yake Hansa kanipigia simu. Wanamtafutia pa kusoma Dar. Nkamwambia kaandika Raya wangu. Hakunilaumu, na hilo ndo lililoniuma zaidi. Raya ataomba radhi, aombe, lakini mtoto hatorudi. Na wale wengine darasani washajifunza somo lao: andika utakacho, mwalimu atafuta.

Sioni pa kutokea. Nnaandika haya kwa simu, kidole kimoja, si kwamba nna dawa.

Ila mwalimu, kusitiri kumekwisha. Kesho ukiingia darasani usifungue kitabu. Raya asimame aseme kaandika yeye, kisha wewe useme ulijua ukanyamaza. Na wakikuuliza msichana kalipata wapi neno lile, usitafune maneno. Nitaje mimi, kwa jina langu.