Honi Inayopigwa Ndani ya Geti

Nyumba ya geti la kijani,
Nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Jumapili, tarehe 8, mwezi wa pili.

Mpendwa mke mwenzangu,

Kabla ya neno lolote niambie, mshono umefunga? Unatoa maji? Usinijibu "nzuri tu, bibi" kama ulivyozoea, maana wewe hata mguu ukikatika utasema nzuri tu. Maziwa yanatoka? Kitovu cha mtoto kimeanguka? Akishiba analala, au ni wale wa kunyonya huku wanagomba? Na baba yake huko melini, ameshapata picha ya mwanawe?

Sisi huku wazima. Mgongo wangu ni uleule, meno ni yaleyale matano, na mdomo unaujua mwenyewe. Mjomba wako hajambo, mkewe hajambo. Joto la mwaka huu ndilo halina adabu. Ninaanika nguo ya pili, ya kwanza imeshakauka. Mshumaa uliokuwa kabatini nimeukuta umejikunja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Mistari ikipanda mlima usinicheke. Herufi zangu ni zile alizonifundisha babu yako kwenye makopo ya oili, na mwalimu aliondoka kabla ya kumaliza darasa.

Barua yako tuliisoma mara tatu. Uliposema mtoto umempa jina la babu yako nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mjomba wako, sasa nimepata mume mpya, hana meno kama mimi, tutaelewana. Halafu ukasema unataka kuja kupona kwangu, na kwamba huwezi kubanwa kwenye basi kwa saa kumi na mbili na tumbo lenye nyuzi, mjomba akufuate na gari. Mama yako, Mungu amlaze pema, angekuwapo angekufuata hata kwa miguu. Kwa hiyo kazi hii ni yangu. Lakini sikujibu siku ileile, na najua umenuna. Sasa soma mpaka mwisho, halafu ndiyo unune.

Unalijua gari lenyewe. Lilikuwa kuukuu tangu tunalinunua kwa yule daktari wa mifugo, viti vikinuka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Wenzake wote walishakatwa wakawa masufuria. Hili limeishi kwa sababu babu yako alilitunza kama mgonjwa wa sukari. Kijiti cha oili alikiangalia asubuhi kabla ya kuwasha. Rejeta aliifungua gari likiwa baridi tu, na kuongeza ni yale maji ya rangi, si ya bomba. Betri alikuwa akiitazama maji kila Ijumaa, maana joto linayanywa. Alitandika kitambaa juu ya dashibodi, akaacha kioo wazi upana wa kidole. Nilimwambia siku moja, mimi mwenyewe hujaniuliza kama nina maji. Akaniambia, "Wewe ukichemsha nakusikia."

Nami nimelishika hivyohivyo tangu aondoke. Siliendeshi, sijui, lakini kijiti cha oili naweza kukisoma kuliko barua.

Sasa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mlipokuja kuzika niliwaambia babu yenu alifia getini, moyo ulisimama. Ni kweli. Ila sikuwaambia lile lililotangulia. Ulikuwa mchana, jua la utosi. Akafika nje, akapiga honi yake ile, mbili fupi na moja ndefu, ya kutaka nimfungulie. Mimi nilikuwa nafua, mikono imejaa povu. Nikasema moyoni, mwache angoje, atayeyuka? Nikasuuza shuka. Nikalikamua. Nikalianika. Ndipo nikaenda kufungua. Injini ilikuwa inaunguruma, feni inazunguka, na yeye ameshika usukani ananitazama, na hakuwa ananitazama.

Sijui kama angepona ningewahi. Daktari alisema hapana. Lakini daktari hakuwa ameshika shuka.

Siku ya tatu baada ya barua yako nilikuwa nimejilaza, saa saba mchana. Unajua saa ile mtaa unavyokufa. Hata kuku wanakaa mdomo wazi ukutani. Nikasikia honi. Mbili fupi, moja ndefu. Mke mwenzangu, mwili una mazoea yake. Nilikuwa nimeshashika komeo kabla akili haijaamka. Nikafungua geti lote, mbawa zote mbili. Njia nyeupe, mvuke unacheza juu ya lami, hakuna mtu, hakuna baiskeli. Nikasimama kama mjinga. Ndipo ikapigwa tena, nyuma yangu. Gari lilikuwa ndani, chini ya kibanda chake cha mabati, milango imefungwa, na ufunguo ninao mimi, umefungwa kwenye pindo la kanga.

Kesho yake saa ileile. Keshokutwa tena. Na kila mara miguu yangu inakwenda kufungua geti, nikijua kabisa gari liko wapi.

Mjomba wako akamleta fundi, yule tunayemwita Kikohozi kwa sababu hasemi ugonjwa wa gari mpaka akohoe kwanza. Akakohoa.

"Mama, ni joto hili. Usukani wa zamani, kile chuma cha honi kikitanuka kinagusana na mwenzake."

"Sawa. Na joto limesoma wapi kupiga mbili fupi na moja ndefu?"

Akakohoa tena, bila sababu. "Hapo mama umenishinda. Mimi ni fundi wa magari."

"Basi tengeneza gari. Hayo mengine niachie."

Akakata waya, akatoa fyuzi, akaing'oa na honi yenyewe, akanipa. Nimeifunga kwenye kitambaa, iko juu ya rafu ya masufuria. Nzito kuliko unavyodhani. Siku mbili nyumba ikanyamaza, nikalala kama mtoto.

Siku ya tatu mchana nimekaa mlangoni nachambua mboga. Mke wa mjomba wako akatoka jikoni mbio, sabuni inamtiririka viwikoni, akaenda moja kwa moja kufungua geti.

"We mama, unamfungulia nani?" nikamuuliza.

"Si huyo mzee anapiga honi, hamumsikii?"

"Mzee gani?"

Akasimama na komeo mkononi. Akatazama njia, akanitazama mimi. Mjukuu wangu, huyu ameolewa hapa babu yako ameshazikwa. Hajawahi kumsikia akirudi. Hakuna aliyemwambia kwamba honi ile ni ya mzee. Na safari hii mimi, niliyekaa hatua kumi kutoka gari, sikusikia kitu.

Nikainuka nikaenda kwenye gari. Nikasikia harufu ya petroli. Nikainama, mgongo ukalia, nikaona tone. Likakaa, likaja jingine, linaangukia bomba la ekzosi. Mjomba wako alikuwa amepanga kulitoa jioni ileile ili alijaribu, aone kama litaweza safari ya kwako.

Kikohozi alipokuja aliubinya mpira wa petroli kwa vidole viwili. Kwa nje ulikuwa mzuri, mweusi, unang'aa. Ukavunjika kama mkate wa juzi. Akaniambia raba haifi kwa kutembea tu, inakufa kwa kukaa kwenye joto. Sidhani kama alikumbuka kwamba anayeambiwa hivyo ni mwanamke mzee. Bomba lile likishapata moto, tone moja tu, na gari zima ni kiberiti.

Basi tukaligeuza gari lote. Mipira yote ya petroli mipya. Mipira ya rejeta, wa juu na wa chini. Mkanda wa feni. Tukakuta fundi wa zamani alishaondoa kile kidude kinachozuia na kuachia maji ya injini, eti huku kuna joto hakina kazi. Kikohozi akakirudisha huku anamtukana mtu asiyekuwepo. Matairi yalikuwa na meno mazuri kabisa, ila ukiyatazama ubavuni yamepasukapasuka kama kisigino changu. Hayo nayo yametoka.

Mjomba wako sasa anatembea kifua mbele. "Mama, umeona? Mzee anatulinda. Alituita tuone petroli."

Mke wake akasema polepole, "Mbona ameniita mimi, hanijui?"

"Amekuita kwa sababu una masikio. Mama ameshazeeka."

Nikamrushia ndala. Lakini swali la mkewe ndilo lililobaki chumbani.

Mimi nimelifikiria hili siku nyingi, nikiwa nimekaa kwenye kigoda natazama gari. Labda mjomba wako anasema kweli. Nami napenda iwe kweli. Lakini mtu anayepiga honi nje ya geti anataka kuingia. Anayepiga akiwa ndani, anataka kutoka. Kimya chote cha miaka miwili, halafu siku tatu baada ya jina lake kutajwa kwa mtoto, anaanza kutaka kutoka. Na tazama mambo yalivyokwenda. Sasa gari lina mipira mipya, lina matairi mapya, halijawahi kuwa tayari kwa safari ndefu kama leo. Aliyeliandaa ni nani? Na anataka kwenda kwa nani?

Hapo ndipo kalamu ilipokuwa imesimama, na wewe ukidhani bibi amechoka nawe. Nilikuwa naogopa kumtuma mwanangu na gari lile kumchukua kitukuu wangu. Niliogopa vilevile kukuacha huko peke yako, na kidonda, na mtoto wa wiki tatu, unajiinamia ndoo za maji. Nikaona hofu ya pili ni kubwa zaidi, maana hiyo ina mwili.

Jana mchana nimewafukuza wote wawili waende sokoni. Nikafungua geti lote, kisha nikaenda nikasimama mbele ya gari, jua limenikalia kichwani. Nikasema kwa sauti, kama alivyokuwa akinitaka niseme:

"Mume wangu, siku ile nilichelewa. Nilikusikia mara ya kwanza. Nilikuwa nafua, nikasema utangoja. Nisamehe. Na kama unataka kumwona huyo mdogo aliyepewa jina lako, haya, tutakupeleka. Umwone kwa macho. Mkono wako usimguse. Mapenzi yako nayajua, wewe ukipenda kitu unakibeba. Huyu habebwi. Kama njia imekuwa na upweke unataka mwenzio, mimi niko hapa, na sifui leo."

Gari lilikuwa halijawashwa siku nne. Injini ikaanza kulia ndani, ti, ti, ti, vile inavyolia gari likitoka mbali na chuma kikianza kupoa. Nikasikiliza mpaka ikanyamaza yenyewe. Nikaweka mkono juu ya boneti. Jua lilikuwa limewaka kila mahali, mabati yalikuwa yanalia. Boneti ilikuwa ya baridi, mjukuu wangu. Baridi kama mtungi.

Nikafunga geti, nikanywa maji. Leo nimekaa kukuandikia.

Tunakuja. Tutatoka Alhamisi alfajiri, tufike kwako jioni. Barua hii ameibeba rafiki wa mjomba wako mwenye lori, itakutangulia. Ijumaa gari litapumzika, Kikohozi ametuapisha hivyo, na Jumamosi kabla ya jua tunarudi nawe. Saa sita mpaka saa tisa tutasimama kivulini, hakuna kutembea, hata mjomba wako akilia. Beba maji ya kunywa mengi na vitambaa vyepesi vya mtoto, umloweshee kimoja umpanguse shingo na miguu. Mto mdogo uuweke kati ya mshono na mkanda. Usimvike soksi, watu watakuambia umvike, waambie bibi yake amekataa.

Kiti cha nyuma chote ni chako na mtoto. Mjomba wako atashika usukani. Kile cha mbele, pembeni yake, ni changu. Mjomba wako amepiga kelele siku nzima, mama una miaka themanini, mgongo wako, joto hili, unakwenda kufanya nini? Nimemwambia nakwenda kukaa. Anayetaka mtu ndani ya gari lile aanze na aliye karibu.

Mjomba wako anakusalimu, anasema ndala ile imemwachia alama. Mkewe anakusalimu sana, amekufulia shuka na kukutandikia chumba cha dirisha la mashariki. Kikohozi anakusalimu, hakujui, lakini amekuombea njia njema huku amelala chini ya gari. Ukimwandikia mumeo, mwambie nyumba ya wakwe zake ina nafasi yake meli ikirudi.

Mungu akuunge pale ulipokatwa, ampe mwanao pumzi ndefu, na atuweke sote upande mmoja wa barabara.

Na neno moja la kushika. Jumamosi tukishafika hapa nyumbani, gari likazimwa, ukaniona mbele pale nimenyamaza na sigeuki, usihangaike na mimi. Mshushe mtoto kwanza.

Mimi nikupendaye wewe na huyo mdogo kuliko mgongo wangu,
Bibi yako, na mke mwenzio.